Krismasi Machame, Januari Uingereza, mtoto wa miezi 7: tupangeje?

MamaWaSegerea ameuliza:

Habari za jioni wadau. Naomba mawazo ya wanaojua mambo haya, maana muda umebaki mdogo na kila ndugu ana ushauri wake.

Tunaishi Segerea, mimi, mume wangu na mtoto wetu wa kwanza ambaye atatimiza miezi 7 tarehe 20 Desemba. Mume amepata kazi Leeds, Uingereza, anatakiwa kuripoti 19 Januari, na mimi na mtoto tunaondoka naye kama wategemezi. Pasipoti zote tatu zipo, vyeti vya kupimwa kifua kikuu tunavyo, alama za vidole za viza ni tarehe 3 Desemba hapa hapa Dar. Tiketi bado hatujakata.

Wakwe zangu wako Machame, Kilimanjaro, wanataka tukae nao kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 6 Januari, wanasema hawajui watamwona lini tena mjukuu. Wazazi wangu wako Mbagala, nao wanataka siku zao. Sipendi kumnyima mtu yeyote, ila naogopa kumchosha mtoto na kupitiwa na jambo la msingi.

Tusaidieni haya: Machame twende au tusiende? Chanjo ya miezi 9 itaangukia tukiwa tumeshaondoka, inakuwaje? Ndege na baridi tunajiandaaje? Halafu kuna kitu nimekigundua leo: kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto jina langu ni Elizabeth, kwenye pasipoti yangu ni Elizabeti. Kina shida?

KaraniWaMakunganya amejibu:

Hongereni dada. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka kuliko yote.

Ndiyo, kina shida. Afisa wa viza hawajui nyinyi. Kinachomwambia kwamba huyu ni mwanao ni hicho cheti, na jina la mama likipishana hata herufi moja ana sababu ya kusimamisha maombi na kuuliza. Fanyeni mambo mawili, na yote mawili wiki hii. La kwanza ni kiapo cha majina. Nenda kwa wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo, ukiwa na pasipoti, kitambulisho cha taifa cha NIDA na cheti cha mtoto. Kiapo kitaje majina yote mawili kama yalivyo, kiseme ni ya mtu mmoja, na kitaje namba ya pasipoti na namba ya cheti cha mtoto. Hapo ndipo viapo vingi vinapokosewa: vinasema tu "majina haya ni yangu" bila kutaja nyaraka yanakopatikana, na msomaji wa mbali hawezi kuoanisha. Kiambatanishwe kwenye maombi kabla ya tarehe 3.

La pili ni kukirekebisha cheti chenyewe RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Kiapo kinawavusha kwenye viza, lakini cheti mtakitumia miaka yote ya utoto wake, kwa hiyo msikiache kilivyo. Beba cheti, nakala ya pasipoti yako, NIDA, na tangazo la kizazi mlilopewa hospitali kama bado unalo. Tangazo likiwa na jina sahihi, kosa limetokea wakati wa kusajili na marekebisho ni mepesi. Tangazo nalo likiwa na kosa, utaelekezwa uanze na hospitali, na hapo siku zinaongezeka.

Sasa kalenda. Desemba ya Dar ina siku chache za kazi kuliko inavyoonekana ukutani. Tarehe 9 ni Uhuru, 25 na 26 ni sikukuu, 1 Januari Mwaka Mpya, na 12 Januari ni Mapinduzi, ambayo wengi huisahau kisha wakakuta mlango umefungwa zikiwa zimebaki siku mbili wasafiri. Mahakama ina likizo yake kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, na mawakili wengi huondoka mjini kipindi hicho. Kila kinachohitaji mhuri wa hapa nyumbani kiishe kufikia tarehe 12 Desemba.

Viza ya kutoka nje ya Uingereza kwa kawaida hujibiwa ndani ya wiki 3, na zinahesabika tangu siku ya alama za vidole. Tarehe 3 ukiongeza wiki 3 ni mkesha wa Krismasi. Msiitegemee siku hiyo, hesabuni wiki ya kwanza ya Januari. Kwa hiyo tiketi msikate ile ya bei ya chini isiyobadilishika. Lipieni ile inayoruhusu kubadili tarehe hata kama inaongezeka kidogo. Mume pia amwandikie mwajiri mapema kumuuliza kama tarehe ya kuripoti inaweza kusogezwa viza ikichelewa. Mwajiri akiulizwa Novemba hujibu vizuri kuliko akiulizwa 17 Januari.

Mtoto chini ya miaka 5 hachukuliwi alama za vidole, anapigwa picha tu. Mpelekeni akiwa ametoka kulala na ameshiba, macho yawe wazi na uso upo peke yake, bila kidole cha mama wala chuchu ya chupa. Na mkumbuke kila mmoja wenu, hata huyo mdogo, atakuwa na akaunti yake ya kielektroniki ya viza. Ya mtoto mnaifungua nyinyi na kuiunganisha na pasipoti yake. Msiiache hadi mko uwanja wa ndege.

MsafiriWaKaskazini amejibu:

Machame nendeni, ila si kwa tarehe hizo.

Msongamano wa kwenda Kilimanjaro huanza takriban tarehe 18 na hukaza hadi 24. Wa kurudi Dar huanza tarehe 2 Januari hadi shule zinapofunguliwa. Tarehe mlizopewa zinawaingiza kwenye wimbi la kurudi, zikiwa zimebaki siku chache mpande ndege. Ondokeni tarehe 10 au 11 Desemba, mara baada ya Uhuru, rudini tarehe 27. Hapo mmekaa zaidi ya wiki mbili, Krismasi mmeila mlimani, na mnarudi mabasi yakiwa na nafasi. Ukweni waambieni sasa hivi, na mume ndiye aongee na wazazi wake, isionekane mkwe ndiye anayekata siku.

Kama mfuko unaruhusu, pandeni ndege hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ni kama saa moja na robo angani, na mtoto chini ya miaka 2 anayekaa mapajani hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Pasipoti zenu zitakuwa kituo cha viza, kwa hiyo tumieni NIDA, na kwa mtoto bebeni cheti cha kuzaliwa. Kingine ni kwamba safari hiyo itawaonyesha jinsi anavyovumilia ndege inapopaa na kushuka, kabla hamjapanda ile ya masaa mengi.

Mkienda kwa basi, chukueni la saa 12 asubuhi kutoka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Yale ya usiku yaliruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, lakini na mtoto mchanga mchana ni bora: dereva anaona, nanyi mnaona. Kaeni upande wa kulia, safu za katikati, mbali na tairi. Chalinze hadi Segera jua litawapiga kulia, ni kweli, lakini kuanzia Segera hadi Moshi liko kushoto, na hicho ndicho kipande kirefu na chenye joto. Kateni viti vitatu hata kama mtoto hatozwi, ili mmoja wenu asibanwe na abiria mwingine wakati wa kunyonyesha. Kwenye hoteli za njiani mtoto asipewe chochote cha pale. Mnyonyeshe, na kama ameanza uji, uwe kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, unywewe ndani ya masaa mawili tangu uifungue.

Usiku wa Machame ni wa baridi kwa mtoto aliyezoea Segerea. Soksi na sweta moja nyepesi vinatosha. Moshi wa jikoni ndio wa kuogopa zaidi: msimlaze wala msimwogeshe kwenye chumba chenye kuni zinazowaka.

NesiTemeke amejibu:

Mama, nichukue ya kliniki, na nitakuwa na maneno mengi hapa kwa sababu ndiko wazazi wanaosafiri huachia mapengo.

Kama alipata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 kwa wakati, ratiba yetu ameimaliza hadi hapo alipo. Inayofuata ni surua-rubela miezi 9, ambayo ni 20 Februari, mkiwa Leeds. Kule chanjo ya surua ya kwanza hutolewa akifikisha mwaka mmoja. Maana yake mkikaa kimya, atakaa hadi Mei bila kinga ya surua, huku ile aliyorithi kwako ikiwa imepungua sana. Nenda kliniki yako wiki hii na umuulize muuguzi kuhusu dozi ya mapema. Surua inaweza kutolewa kuanzia miezi 6 pale mtoto anaposafiri au penye mlipuko, na huitwa dozi sifuri kwa sababu haihesabiki: akifika mwaka mmoja anaanza upya. Kliniki yako ikisema haitoi kabla ya miezi 9, mkifika Leeds muulizeni daktari wa mtaa suala hilo hilo wiki ya kwanza, msisubiri Mei.

Ya pili ni vitamini A. Anapewa akiwa na miezi 6, kidonge cha bluu, yuniti 100,000. Sasa Desemba ni mwezi wa kampeni ya vitamini A nchi nzima. Mtoto anaweza kupewa Segerea kliniki, kisha akapewa tena Machame kwa sababu bibi alimpeleka akiwa amesahau kadi. Hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi, na kadi isafiri na mtoto popote. Kama alipewa Novemba, Desemba asipewe tena.

Kadi yenyewe ipigwe picha kurasa zote, na kama mwandiko hausomeki muombe muuguzi aandike upya orodha ya chanjo na tarehe kwa herufi kubwa, kisha agonge mhuri wa kituo. Kule watasoma majina na tarehe ili wajue cha kuongeza. Kuna chanjo ambazo sisi hatunazo kwenye ratiba, kama ya uti wa mgongo aina ya B, na watampangia. BCG, chanjo ya kifua kikuu, yeye anayo tayari, waonyesheni kovu la begani, msikubali arudiwe kwa kudhani hakupata.

Mkifika, siku mbili tatu za mwanzo jiandikisheni kwa daktari wa mtaa mnapoishi. Kujiandikisha ni bure. Atakuja pia muuguzi wa watoto, na mtapewa kitabu chekundu ambacho ndicho kadi yao ya kliniki. Muulizeni kuhusu kipimo cha tone la damu la kisigino. Watoto wa kule hupimwa wakiwa na siku 5, na mtoto anayehamia akiwa hajafikisha mwaka mmoja hupewa nafasi ya kupimwa pia. Humo ndani kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwa sisi watu wa ukanda huu hicho ni kipimo cha kukipokea kwa mikono miwili.

Vitamini D. Anayenyonya maziwa ya mama anapewa matone ya mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku hadi mwaka mmoja. Kama anakunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, yameshawekewa. Leeds mwezi Januari jua linachomoza kama saa 2 na robo asubuhi na kuzama saa 10 na robo jioni, na hilo lenyewe liko nyuma ya mawingu. Ngozi nyeusi ikiwa imefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni haitengenezi vitamini hiyo. Nunueni chupa ya kwanza Dar ili msikose wiki ya kwanza, lakini someni idadi ya matone kwa dozi, maana chupa zinatofautiana sana: nyingine tone moja linatosha, nyingine ni matone matano.

La mwisho ni malaria, na hili naomba baba na mama wote walishike. Vimelea vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa bila dalili. Mtoto akipata homa ndani ya mwaka mmoja tangu mwondoke Tanzania, mkifika hospitali neno la kwanza liwe "tumetoka Tanzania, naomba apimwe malaria leo". Daktari wa kule anaona mafua mia kabla hajaona malaria moja, na msipomwambia atawarudisha na dawa ya homa. Usiku huohuo namba ya kupiga kwa ushauri ni 111, akilegea au kupata degedege ni 999. Hadi siku ya mwisho hapa Dar mtoto alale ndani ya chandarua, hata Mbagala kwa bibi, hata kama mnalala usiku mmoja tu.

BabuWaKimara amejibu:

Mimi natofautiana na MsafiriWaKaskazini. Kwa nini mtoto ndiye afuate wazee? Walipieni bibi na babu wa Machame nauli waje Dar tarehe 27, wakae hadi mnapoondoka. Wazee wawili kwenye basi linaloshuka Dar, kabla ya wimbi la Januari, hawana usumbufu, na watamsindikiza mjukuu hadi uwanjani. Nanyi mnabaki na wiki tatu za kufunga nyumba, kuuza vitu, kumkabidhi mwenye nyumba funguo na mita ya umeme ya LUKU bila deni. Mwenye nyumba apewe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, msije mkaiacha kodi mliyolipa mbele.

MsafiriWaKaskazini amejibu:

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako nzito, na kama babu wa Machame ana afya ya safari ningeikubali. Lakini kwa Wachaga Krismasi ni ya nyumbani, na mtoto wa kwanza hupelekwa kwao akajulikane na ukoo. Wakija Dar watakuja wawili. Wao wakienda kule, mashangazi, baba wadogo na majirani watamwona mtoto kwa siku moja. Yote mawili yanawezekana: waende tarehe 10, na bibi mmoja arudi nao tarehe 27 asaidie kumshika mtoto wakati wao wanafunga mizigo. Kimoja tu tukubaliane: baada ya kurudi Dar mtoto asipelekwe tena kwenye mikusanyiko.

NesiTemeke amejibu:

Hapo mmenigusa. Wiki mbili kabla ya ndege, yaani kuanzia tarehe 31 hivi, mtoto asishikwe na kila anayekuja kuaga. Sikio lililoziba kwa mafua ndilo linalomfanya mtoto alie ndege nzima, kwa sababu hewa ya nyuma ya kiwambo cha sikio haipati njia ya kutoka wala kuingia. Mwenye kikohozi asalimie kwa mbali, asimbusu usoni, na anayembeba anawe mikono kwanza. Mbagala nendeni mchana, si siku ya sherehe yenye watu hamsini. Kama amepata mafua, matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya yatamsaidia, na akiwa na homa au anavuta sikio aonwe na daktari kabla ya kusafiri, si asubuhi ya safari.

FundiWaTiketi amejibu:

Nimalizie ya ndege na mizigo.

Leeds wengi hushukia Manchester, na kutoka Dar mnaunganisha Doha, Dubai, Istanbul au Addis. Chagueni muunganiko wa masaa 3 hadi 5. Chini ya 2 na mtoto ni mbio, zaidi ya 6 ni mateso. Tiketi ya mtoto wa mapajani kimataifa ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi, lakini lazima awemo kwenye tiketi tangu mwanzo, msimwongeze baadaye.

Mkishakata tu, siku hiyohiyo pigeni simu kuomba kitanda cha mtoto, kile kinachofungwa kwenye ukuta wa mbele ya viti. Vipo vichache kwa kila ndege. Mashirika mengi yanaweka kikomo cha uzito kama kilo 11, mengine chini ya hapo, na urefu pia. Waulize vipimo, kisha umpime mtoto kliniki. Mtoto wa miezi karibu 8 wa kilo 8 na nusu anaingia. Wa kilo 10 mrefu atakunja miguu. Muulize pia kama yupo mkanda mdogo unaounganishwa na wa mzazi. Ndege ikitikisika mtamtoa kitandani hata kama amelala, kwa hiyo msimfunge na kanga tatu.

Ndege inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, na masikio yanauma kushuka kuliko kupaa. Mwamshe wakati huo anyonye. Wazazi wengi wanamwacha alale, halafu anaamka kwa maumivu.

Begi la mkononi kwa safari ya masaa 18 hadi 20, mlango hadi mlango: nepi 14, nguo zake jozi 3, kila jozi kwenye mfuko wake mdogo, fulana moja ya baba na blauzi moja ya mama kwa sababu kinachomwagika humwagikia nyinyi, kanga 2 zilizozeeka na kulainika, dawa ya homa ya watoto na sindano yake ya kupimia bila ncha, na nyaraka zote halisi. Nyaraka zisiingie kwenye mzigo wa chini hata moja. Maziwa ya mtoto yanaruhusiwa zaidi ya mililita 100, ila yatoeni kwenye begi kabla ya mashine na muwe tayari yafunguliwe yapimwe. Mbeleko mgongoni mtaambiwa muifungue ukaguzini, hivyo mbebeni kifuani.

Nguo za baridi nunueni soko la Karume. Mitumba ya watoto inatoka nchi za baridi, na zile suti nene za kipande kimoja, zenye kofia na vifuniko vya mikono, hazina mnunuzi wa Dar, kwa hiyo bei yake ni ya kutupa. Moja inatosha, ya miezi 12 hadi 18 ili aivae hadi Machi. Kagua zipu kutoka juu hadi chini mara tatu, na uingize mkono ndani kutafuta pamba iliyojikusanya kwenye donge. Ifue kwa maji ya moto, ianike juani, ipigwe pasi. Fulana za ndani za mikono mirefu, nne au tano. Vingine vyote kule vipo, msijaze begi.

Sheria ya kule inataka mtoto awe kwenye kiti chake garini. Suti nene ivuliwe kabla ya kumfunga mkanda, maana inabonyea ajali ikitokea na mkanda unabaki umelegea. Kiti msikinunue mtumba, haijulikani kama kimeshapata ajali. Kutoka uwanja wa Manchester treni ya kwenda Leeds ipo hapohapo uwanjani, na treni haihitaji kiti.

Chumba cha mtoto kule kiwe nyuzi 16 hadi 20. Kwa mtu wa Dar hiyo ni baridi, na hapo ndipo tunakosea kwa kuwasha hita hadi mwisho na kumfunika blanketi. Alale chali, kwenye mfuko wake wa kulalia, bila duveti, bila mto, bila kofia. Gusa kifua au shingo ya nyuma: ikiwa na jasho, punguza nguo. Mikono kuwa ya baridi si kipimo.

MamaWaSegerea ameandika:

Mungu awabariki sana. Kiapo nimeshapanga na wakili Jumatatu, na mume ameongea na wazazi, wamekubali tarehe 10 hadi 27. Bibi atarudi nasi.

Limebaki moja. Mama mkwe ameshaanza kuandaa samli, nyama iliyokaushwa, ndizi mshare na unga wa uji wa lishe kilo 5 wenye karanga na maziwa ya unga ndani. Nimwambieje?

FundiWaTiketi amejibu:

Samli na nyama hapana. Uingereza hairuhusu abiria anayetoka nchi kama yetu kuingiza nyama wala bidhaa za maziwa, hata kidogo, hata za kupikwa nyumbani. Vinachukuliwa pale forodhani. Maziwa ya kopo ya mtoto yanaruhusiwa hadi kilo 2, yakiwa ya kiwandani na hayajafunguliwa. Dagaa waliokaushwa wanaruhusiwa. Ndizi zinaruhusiwa, ila mshare zitafika zimepigwa na baridi ya chini ya ndege; mama mkwe azimenye, azikate, azikaushe juani, asage unga wa mtori.

Unga wa uji ausage upya bila maziwa.

NesiTemeke amejibu:

Na bila karanga pia. Karanga zikishasagwa mafuta yake huchacha upesi, na zikiwa zimehifadhiwa vibaya zina sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Achukue nafaka mbili tu, ulezi na mahindi, vipimo sawa, zichaguliwe kwa mkono, zioshwe, zikaushwe kabisa, zisagwe. Kilo 2 zinatosha: uji wa vijiko vitatu vya unga mara mbili kwa siku ni zaidi ya mwezi, na baada ya hapo atakuwa anakula chakula cha kule. Mfungashie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kukaza, uandike nje kwa Kiingereza ni unga gani. Karanga mwonjeshe akiwa hapa nyumbani, siagi ya karanga laini robo kijiko cha chai ndani ya uji, asubuhi, mkae naye masaa mawili mkimwangalia kama anatoka vipele au anavimba midomo. Kufanya hivyo ndani ya ndege kwa mara ya kwanza ni hatari.

Asali ya mlimani wakikupa, chukua yako. Mtoto asilambishwe hadi afikishe mwaka mmoja, na hili mwambie bibi mapema, kabla hamjafika Machame.